Kabla ya Msumeno, Itazame Mizizi

Wanangu mnaopenda miti,

Kabla ya yote nawapongeza. Zamani hapa pwani bonsai ilikuwa pambo la mahoteli na nyumba za wenye nacho. Siku hizi kuanzia Nyali hadi Mtwapa naona vitalu vya vijana kando ya barabara, na vyungu vya bonsai vimepangwa mbele ili mwenye gari avione: mikuyu, bogenvilia, mikomamanga. Mengi mmejifunza kwenye simu, mkajaribu wenyewe, na mikono yenu imekuwa myepesi. Hilo ni la kushukuru.

Linaloniuma ni hili. Mteja ananunua mti, anauweka barazani, na baada ya wiki chache majani yote yamepukutika. Anajiona ana mkono mbaya, haji tena. Lakini ukiung'oa mti ule ukaukung'uta udongo, unakuta kipande cha tawi chenye mizizi mitatu minne, mifupi, myeupe pe, yote imeota upande mmoja. Mteja hakuuua mti ule. Uliuzwa ukiwa hauna uwezo wa kuishi. Aliyelikata tawi hilo kwenye mti mama aliona mizizi imechungulia, akadhani kazi imekwisha.

Kwa hiyo leo nawausia juu ya kazi moja tu, ile ya kuotesha mizizi juu ya tawi likiwa lingali mtini, kisha kulikata na kulifanya mti wa kujitegemea. Ni kazi yenye baraka nyingi kwa mtu wa bonsai, na inaharibiwa na pupa kuliko kazi nyingine yoyote ya kitaluni.

Baraka zake mnazijua. Mche wa mbegu utausubiri miaka mingi ndipo shina lake linenepe. Kumbe juu ya mkuyu uliokwisha kukomaa kuna tawi lenye unene wa kifundo cha mkono, limepinda vizuri, limegawanyika mahali panapofaa, gome lake lina sura ya utu uzima. Likiota mizizi, unapata kwa msimu mmoja shina ambalo mbegu ingekupa baada ya miaka. Tena unachagua mwenyewe mizizi itokee wapi. Bonsai husifiwa kwanza kwa shina lake linavyokaa juu ya udongo, mizizi ikitandaa pande zote kwa usawa. Mti wa mbegu au wa kichaka mara nyingi una mizizi iliyopotoka, na kuinyoosha ni taabu. Mizizi ya tawi hutoka kwenye duara moja, kimo kimoja, ikiwa aliyelikata alikata vyema. Na mti mrefu uliokushinda, ambao chini ni mlingoti mtupu na uzuri wake wote uko juu, unaweza kuugawa, ukapata mti mfupi mzuri bila kuutupa ule wa chini.

Sasa sikilizeni jinsi kazi inavyokwenda ndani ya mti, maana asiyelijua hili atakuwa akibahatisha maisha yake yote. Mti una njia mbili. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia kwenye mbao, ndani. Chakula kinachopikwa na majani hushuka kupitia gome la ndani, chini ya ganda la nje. Ukiondoa pete ya gome kuzunguka tawi, umeifunga njia ya kushuka tu. Maji yanaendelea kupanda, kwa hiyo majani hayanyauki. Chakula nacho, pamoja na homoni ya ukuaji itokayo kwenye machipukizi, kikifika ukingo wa juu wa jeraha hakina pa kwenda. Kinarundikana pale. Ukingo unavimba, unafanya kovu, na kama pana unyevu, giza na hewa, kwenye kovu lile mizizi inatoka.

Kwa hiyo ukiniuliza ni lini, nitakwambia: yatazame majani. Mizizi ile inatengenezwa kwa chakula cha majani, wala haina chanzo kingine. Mti uliopukutisha, au uliotoa majani machanga leo asubuhi, hauna akiba ya kukupa. Subiri majani yafunguke, yakomae, yawe na rangi yake kamili, na hali ya hewa iwe na joto na unyevu. Hapo ndipo uondoe pete ya gome na kulifunga tawi kwa kitu chenye unyevu.

Kwetu pwani wakati huo ni masika. Kiangazi cha kaskazi kikiisha na mvua zikianza, mwishoni mwa Machi au Aprili, miti imeamka, hewa ni nzito, na udongo uliofungwa tawini haukauki haraka. Ukifunga wakati huo, mizizi mingi huwa tayari kipupwe kinapoingia, na kipupwe cha pwani ni rafiki wa mti uliotengwa na mama yake karibuni: jua limepoa, majani hayapotezi maji mengi, lakini bado kuna joto la kutosha mizizi iendelee. Vuli nayo inafaa, Oktoba au Novemba, ila jihadharini. Mti uliofungwa vuli utatengwa Januari, jua la kaskazi likiwaka. Usipokuwa na kivuli cha uhakika na mtu wa kumwagilia kila siku, acha.

Walio bara, Nairobi, Arusha, Lushoto, wasitufuate sisi kwa kila kitu. Wafunge mvua za Machi na Aprili, lakini baridi ya Julai ikiwakuta na mizizi michache, waache tawi juu ya mama yake hadi Septemba. Kwenye baridi mizizi hulala, na tawi lililokatwa likiwa limelala haliamki.

Na msidhani sheria hii ni ya kwetu peke yetu. Wajapani ndio waliotupa hili jina la bonsai, ingawa chimbuko la sanaa yenyewe ni China. Pale Omiya, kaskazini ya Tokyo, wakuzaji wa bonsai walianzisha kijiji chao mwaka 1925, baada ya tetemeko kubwa la 1923 kuuharibu mji, wakitafuta nafasi, hewa safi na maji mazuri. Wajapani huotesha mizizi kwenye matawi ya mti wao wa momiji, ule wenye majani yaliyochanuka kama vidole, na mazoea yao ya siku nyingi ni kuifanya kazi hiyo karibu na mvua zao za Juni. Majani ya majira ya kuchipua yamekwisha kukomaa, hewa imejaa unyevu. Nchi nyingine, mti mwingine, mwezi mwingine, lakini sababu ni ileile. Anayesoma maelekezo yao akafunga mkuyu wake Mombasa mwezi Juni kwa sababu Wajapani wamesema Juni, ameshika tarehe akaiacha sababu.

Mti gani? Anzeni na jamii ya mkuyu, pamoja na ile faikasi ya majani madogo inayopandwa kwa ua. Hiyo huota mizizi kwa wepesi; katika joto zuri wiki nne hadi nane zatosha kuiona. Bogenvilia na mkomamanga huchukua muda zaidi, miezi miwili mitatu. Mkwaju na mzeituni mwitu wa bara inataka mtu mwenye roho ya kungoja. Mwangati unaweza kukaa mwaka mzima au kupita. Mbuyu msihangaike kuufunga: huoteshwa kwa mbegu, na mche wake hunenepa mapema.

Tawi nalo lina masharti. Litoke kwenye mti wenye afya, usiokatwa wala kuhamishwa karibuni. Usiufanyie mti kazi mbili nzito msimu mmoja. Kisha tazama chini ya mahali utakapokata, maana huko ndiko vijana wengi hawaangalii. Ukikusudia kuondoa kilele chote, je, chini yake kuna matawi yenye majani? Mkuyu ukiachwa kisiki utachipua. Mwangati ukiachwa kisiki bila tawi lenye majani mabichi utakufa, maana mti wa jamii ile hauchipui kwenye mbao tupu. Utapata mmoja kwa kuua mwingine.

Sasa kazi ya mkono. Tuseme tawi lako lina unene wa sentimita 3. Chagua mahali palipo chini kidogo ya panapogawanyika, au panapoanza kunenepa, kwa sababu hapo ndipo patakuwa shina la bonsai yako kwa maisha yake yote. Shika kisu kikali, kimepitishwa kwenye spiriti. Zungusha mkato wa kwanza, ule wa juu, mpaka kisu kigonge mbao. Mkato huu uwe safi, bila chenga, kwa kuwa mizizi itatoka kwenye ukingo wake. Shuka sentimita 5 hadi 6 uzungushe mkato wa pili. Pete ikiwa nyembamba, mti utajenga daraja la gome na kuifungua tena njia ya chakula, nawe utangoja mizizi isiyokuja. Kipimo cha kukumbuka ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa tawi. Kisha pasua gome wima kati ya mikato miwili, ingiza ncha ya kisu, libandue. Katika msimu wake gome hutoka lote kwa mvuto mmoja. Likikatalia, mti unakwambia wakati bado.

Usiishie hapo. Pitisha kidole kwenye mbao uliyoifunua. Utahisi utelezi. Utelezi huo ni utando hai, nao unaweza kufanya gome jipya. Ukwangue kwa mgongo wa kisu kuzunguka kote mpaka mbao iwe kavu na haitelezi tena. Mkuyu utatoa utomvu mweupe mwingi. Uache uchuruzike, kisha ufute kwa kitambaa kilicholowa, na msijipanguse nao machoni. Ukiwa na unga wa homoni ya mizizi kutoka duka la pembejeo, upake kidogo kwenye ukingo wa juu peke yake. Huna? Mkuyu hautauulizia.

Kitu cha kufungia wengi hununua kutoka ng'ambo, ile sfagnamu iliyokaushwa, aina ya kuvumwani, na ni nzuri kweli kweli. Lakini sisi tuna makumbi ya nazi yaliyotuzunguka. Hapa nawaonya kwa sauti. Makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi mingi ili yalainike, na yakitoka huko yamejaa chumvi. Ukiyafunga tawini vile yalivyo, umeweka chumvi kwenye kidonda, na hutaona mzizi. Tafuta makumbi ambayo hayajafika baharini, uyachambue, uyaloweke kwenye maji baridi ya mvua au ya mfereji siku kadhaa, ukiyamwaga na kubadilisha mpaka yatoke meupe. Kisha yakamue kwa mkono mpaka tone la mwisho lisite kudondoka. Yakiwa majimaji, ukingo utaoza. Yakiwa makavu, kovu litafanyika bila mizizi.

Cha kuyashikilia makumbi, msitafute mifuko ya plastiki: ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019, na ni vizuri. Tumieni mabaki ya nailoni ya kufunikia banda la mimea, au chupa ya maji iliyopasuliwa wima, ambayo mtaitumia tena mwakani. Fungeni kwanza chini ya jeraha, mjaze makumbi kuzunguka, yawe na ukubwa wa ngumi mbili na jeraha liwe katikati, kisha mfunge juu. Toboeni vitundu viwili upande wa chini ili mvua ikizidi maji yapate kutoka. Funikeni kwa foili au kitambaa cheusi, kwa maana mizizi haitaki mwanga, na jua likipiga nailoni tupu ndani kunachemka. Kila baada ya siku chache bonyezeni. Pakiwa pepesi, ongezeni maji kidogo kwa bomba la sindano.

Hapo kazi ya mkono imekwisha, na ndipo wengi hushindwa. Najua mtaniambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kodi ya nyumba haingoji, na mteja ameahidi kuja Jumamosi. Nawaelewa, maana njaa ya kitalu naijua. Lakini wahenga hao hao walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mzizi wa kwanza mnaouona kwenye nailoni ni ahadi tu. Ni mweupe, mnene, hauna nyuzi, unavunjika ukiguswa, na haujaanza kunywa maji ya kulisha majani yote yale. Ngojeni uwe wa hudhurungi kidogo, uchipuze matawi, na matawi yake nayo yachipuze. Ngojeni muione mizizi pande zote za chupa, si upande mmoja. Ikitoka upande mmoja tu, fungueni kwa upole, mkwarue upya ukingo ule uliolala, mfunge tena. Huku ni kumwachisha mtoto ziwa: anayeanza kuonja uji bado ananyonya.

Mkishaona mizizi imejaa, kateni kwa msumeno mwembamba chini ya fungu la makumbi. Msiyatoe makumbi yaliyoshikana na mizizi hata mkiyaona mabaya. Pandeni tawi kwenye sanduku pana au chungu cha kawaida chenye mchanga mkubwa wa mto na vipande vya mawe mepesi ya volkano. Mchanga wa bahari hapana. Lifungeni kwa waya kwenye chungu lisitikisike, kwa sababu kila upepo unaolitikisa unavunja ncha za mizizi kule chini. Liwekeni kivulini wiki tatu nne, mlipulizie maji majani asubuhi na jioni. Punguzeni majani machache kama ni mengi mno, lakini msilinyoe, maana majani ndiyo yanayoilisha mizizi mipya. Mbolea ngojeni mpaka muone machipukizi mapya.

Na chungu cha bonsai? Si mwaka huu. Liacheni tawi likue bila waya wa kukunja na bila mkasi. Mwakani, masika yakirudi, mtalitoa, mtakata kile kipande cha mbao kilichobaki chini ya mizizi, mtaipanga mizizi juu ya ubao mmojammoja kuzunguka shina, mtafunga, na hapo ndipo bonsai inaanza. Anayeuza kabla ya hapo auze kwa jina lake: tawi lililooteshwa, bado linalelewa. Mteja mwema atanunua, na atarudi kuuliza linaendeleaje.

Yapo mawili ya mwisho, nayo ni ya amana. La kwanza, chanzo cha tawi. Kila nikiona mkuyu mnene umeng'olewa mwambani, au kwenye ukuta wa magofu ya zamani, moyo wangu husononeka. Kuotesha mizizi kumewapa njia ya kupata shina zee bila kung'oa chochote. Lakini njia hiyo haiwapi ruhusa ya kwenda na kisu popote. Misitu ya kaya za Wamijikenda ina wazee wake na miiko yake, na tangu mwaka 2008 iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Humo hata tawi kavu haliokotwi bila idhini. Mti wa jirani una mwenyewe. Piga hodi, omba, eleza utakalofanya, umpelekee mmoja utakapofaulu. Na afadhali kuliko yote, pandeni miti mama yenu wenyewe nyuma ya kitalu. Baada ya miaka michache mtakata kwenu kila masika.

La pili, umri. Msimwambie mtu kwamba mti wake una miaka 50 kwa kuwa gome linaonekana zee. Mbao ya tawi inaweza kuwa na miaka 12, na mizizi yake ina miezi mitatu. Semeni yote mawili. Anayenunua bonsai ananunua kitu ambacho anaweza kumrithisha mwanawe. Katika Hifadhi ya Taifa ya Miti mjini Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa tangu mwaka 1625. Ukoo wa Yamaki uliulea Hiroshima, ukanusurika bomu la mwaka 1945, nao wakautoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Mti wa namna hiyo hupita mkono kwa mkono kwa sababu kila mkono uliamini maneno ya mkono uliotangulia. Neno la uongo likiingia mwanzoni, hakuna wa kulisahihisha baadaye.

Basi nawausia. Fungeni tawi majani yakikomaa na mvua ikianza. Kwangueni mpaka utelezi uishe. Osheni chumvi. Kateni mizizi ikiwa imeenea pande zote na kugawanyika, hata kama mteja amekasirika na Jumamosi imepita. Atakayewashawishi mkate mapema hatakuwapo siku mti utakaponyauka, lakini jina lililoandikwa kwenye kibao cha kitalu litakuwa lenu. Mungu awape subira na awabarikie kazi ya mikono yenu.